Makaburi Niliyoyalima

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko zote nilizoishi katika nchi hii, na siikumbuki kwa kupenda. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, ardhi ya Ohio imeanza kulainika baada ya baridi, nami nimesimama mbele ya familia saba nikiwa mkalimani wao. Mzee mmoja Mmarekani akasema maneno ambayo sikuyaelewa, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hayo nitakayokueleza yalianzia hapo.

Nilikuwa nakaribia miaka arobaini. Utasema huo si ujana. Mimi nasema mtu ni kijana mpaka siku atakapojifunza kutamka neno "sijui", na wapo wanaozikwa wakiwa vijana bado. Ilikuwa katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi. Sisi Warundi tulikuwa tumetoka kambini kule Kasulu, mahali nilipoingia nikiwa kijana wa miaka kumi na saba nikatoka nikiwa baba wa watoto watatu. Ndege ilitushusha Louisville. Nikafanya kazi miaka mitatu katika kiwanda cha kufungasha nyama, mikono ikiuma kwa baridi ya friji, na humo ndimo nilimookota Kiingereza changu, neno hapa, neno pale, kama kuku anavyodonoa. Baadaye tukahamia Columbus kwa sababu shemeji yangu alisema maghala ya upande wa Gahanna yana kazi nyingi. Tukapanga nyumba Reynoldsburg, katika majengo yale ambayo jioni ngazi zake zote hunuka vitunguu na mawese.

Sasa, pale kwetu kanisani, Wakongo na Warundi pamoja, wengi walikuwa hawajui Kiingereza. Aliyejua maneno mia mbili alikuwa mfalme. Mimi nilikuwa na kama mia nne. Waliniita hospitalini, waliniita shuleni, waliniita barua za kampuni ya umeme zilipofika. Nikitoka kazini nimechoka bado nilikuta mama fulani ananingoja mlangoni na bahasha mkononi. Nisikudanganye, nilipenda. Mtu aliyeishi kambini miaka zaidi ya kumi na tano akipanga foleni ya unga anapenda siku moja na yeye apangiwe foleni.

Wake zetu walitamani shamba. Mke wangu Spesioza alikuwa akisema maharage ya dukani hayana ladha, na kwamba lengalenga, ule mchicha wa kwetu, anaiota usingizini. Ndipo muumini mmoja akatupeleka kwa mzee aitwaye Walter, mjane mwenye shamba mashariki ya Reynoldsburg. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, watoto wake hawakutaka kulima, naye hakupenda kuona ardhi imelala. Akasema tuchukue eka moja nyuma ya banda lake, tulime bure.

Siku hiyo ninayokueleza alitutembeza. Walter alikuwa mtu wa sauti ya chini, anasema kama anayezungumza na viatu vyake. Akatuonyesha bomba la maji, akatuonyesha mpaka. Mwisho akanyoosha mkono kwenye kona ya juu, kilimani, palipokuwa na mierezi miwili mizee na vichaka vya miiba. Akasema maneno mengi kule. Nikasikia "mawe". Nikasikia "baba yangu". Nikasikia kitu kama "acha" au "ondoa", sikujua kipi. Kisha akaniuliza kama nimeelewa.

Nikasema ndiyo.

Watu wakanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema pale juu kuna mawe," nikawaambia. "Tuyaondoe, halafu na pale tulime."

Miongoni mwetu alikuwepo mzee mmoja wa Fizi, Kongo, jina lake Byamungu, mwenye miaka sabini na kitu, aliyekuwa mwalimu wa shule kijijini kwao kabla ya vita. Akanisogelea, akaniambia kwa upole, "Papa Neema, ulisikia muzuri? Ule mutu alisema maneno mingi, weye umetuambia kidogo. Umuulize tena."

Neema ni binti yangu wa kwanza, na ndivyo wazee walivyoniita. Swali lilikuwa la heshima, lakini mimi nilisikia dharau. Nikamjibu mbele ya watu, "Mzee, mimi nimefanya kazi na Wamarekani miaka mitatu Louisville. Wewe umefika juzi."

Mzee Byamungu akainamisha kichwa. "Bon," akasema kwa Kifaransa chao, yaani haya basi. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile nilijikwaa ulimi mara mbili ndani ya dakika tano.

Jumamosi iliyofuata tulirudi na mapanga na mashine ya kulimia tuliyoazima. Mzee Byamungu hakuwepo. Dada yake alikuwa amefariki Louisville, akaenda msibani, akakaa huko wiki tatu. Walter naye hakuwepo, kwa maana alipasuliwa goti akawa anauguzwa kwa binti yake Clintonville. Hapakuwa na mtu wa kutuzuia. Tukafyeka miiba, tukayakuta mawe. Mawili yalikuwa mapana na membamba kama mbao, yamelala kifudifudi, yameota ukungu wa kijani. Mengine yalikuwa madogo, ya kubebwa na mtu mmoja. Nikaamuru yale mapana yapelekwe bombani, kwa sababu pale palikuwa na tope na akina mama walichafua miguu. Tukayatandika chini. Madogo tukayatupa kwenye rundo la mawe ya shambani, kando ya uzio, pamoja na mamia mengine. Kisha nikaendesha mashine mwenyewe juu ya kilima, mistari imenyooka, udongo mweusi unapinduka kama mkate. Nakumbuka nilikuwa naimba.

Tukapanda maharage. Yakaota vizuri kuliko ya kule chini.

Mzee Byamungu aliporudi kutoka msibani alikuja shambani akiwa bado amevaa shati jeusi. Alikwenda bombani kunawa. Akasimama pale juu ya jiwe, akainama, akaliangalia. Akaniita nimsaidie kuligeuza. Tulipoligeuza, upande uliokuwa chini ulikuwa na udongo umejaa ndani ya mistari. Akachota maji kwa kiganja, akamwaga, akasugua kwa kidole gumba, polepole, herufi moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akiwafundisha watoto wa darasa la kwanza. Jina likatokea. Konrad. Chini yake jina la ukoo, Brammer, na maneno ya lugha ambayo haikuwa Kiingereza.

"Hii haiko majiwe ya shamba," akasema. "Hii ni mutu."

Wanawake wakaacha majembe. Spesioza aliangalia miguu yake, alikuwa amesimama juu ya lile jiwe jingine, akaruka kando kama aliyekanyaga moto.

Na kama Mungu alivyopanga, saa ile ile gari la Walter likaingia. Alikuwa anatembelea fimbo. Alitazama kilimani, akaona maharage. Alitazama bombani, akaona mawe. Akavua kofia. Akaishika kifuani, kisha akaniuliza swali ambalo safari hii nililielewa neno kwa neno.

"Nani aliwaambia myang'oe?"

Mwanangu, hapa ndipo pananiuma. Kosa la kwanza lilikuwa la masikio, na masikio ya mgeni husamehewa. Watu wote walikuwa wakinitazama wakingoja niwatafsirie. Hakuna aliyejua ninachoulizwa wala nitakachojibu. Mzee Byamungu alikuwa bado amepiga magoti, mikono imelowa, karibu kabisa na lile jiwe. Nikamwonyesha kwa macho, nikasema kwa Kiingereza, "Mzee huyu hakuelewa."

Walter akamtazama Mzee Byamungu. Mzee, asiyejua kilichosemwa, akampa tabasamu la huzuni la mtu anayemwonea mwenzake uchungu. Walter akageuka akaenda.

"Amesemaje?" watu wakaniuliza.

"Anasema amesikitika," nikajibu.

Wiki moja nililala na uongo ule. Nilijua kila mmoja pale shambani anafahamu kwamba Byamungu alikuwa Louisville siku tuliyong'oa mawe. Ila Walter hakujua, na njia pekee ya Walter kujua ilikuwa kinywa changu. Jumamosi iliyofuata Walter alikuja, akawapa watu mkono mmoja mmoja, na alipofika kwa Mzee Byamungu akapita. Mkono wa Mzee ulibaki hewani. Kisha akaushusha, akaufuta kwenye suruali.

Mzee akaningoja mpaka wengine wapande magari. Akaniuliza, "Ulimwambia nini juu yangu?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia.

Nilitegemea hasira. Angenipiga ningeshukuru. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisha akaniuliza kitu kingine kabisa. "Papa Neema, baba yako analala wapi?"

"Kasulu, kambini. Alikufa kwa malaria."

"Na kambi iko?"

"Ilifungwa, Mzee. Nasikia pamerudi pori, sehemu nyingine watu wanalima."

"Bon. Sasa kule kuko mutu na jembe. Anafika kwa kaburi ya baba yako, anauliza, hii majiwe ni ya nini. Na mwenye anajua luga anamwambia, ni majiwe tu, tosha, ondoa. Ule mutu utamuita nani?"

Nikageuka nikatazama maharage ya kilimani.

"Kosa ya masikio Mungu anaihurumia," akasema. "Lakini weye ulikamata mimi, mutu hajui Kizungu, ukaniweka ndani ya shimo yako. Donc, kwa hiyo, utanitoa mule weye mwenyewe. Mimi sitajitoa."

Kesho yake, baada ya ibada, nilikwenda kwa Walter peke yangu. Nikamwambia yote, tangu ile "ndiyo" ya kwanza. Kiingereza changu kilikauka, nikawa natafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani, lakini nilimwambia. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Alipomaliza kunisikiliza, akaniambia kwamba baba yake alilinunua shamba lile kwa ukoo wa Brammer, na sharti lilikuwa moja, kona ile isiguswe. Baba yake aliahidi. Yeye Walter alipokea ahadi ile kama alivyolipokea shamba. "Nilipaswa kuwaandikia," akasema. "Niliona umeitikia kwa kichwa, nikafurahi kwamba nimemaliza kusema." Halafu akachukua fimbo yake, akaingia gari, akanifuata mpaka kwa Mzee Byamungu, ghorofa ya pili, goti lile lile bovu, ngazi kwa ngazi. Akampa mkono. Hawakuwa na lugha ya kusemezana, wakashikana tu.

Kabla hajaondoka Walter aliniambia jambo lililonikata maini. Wa ukoo ule alikuwa amebaki mmoja tu aliyekuwa akija, mama wa miaka themanini na zaidi, Evelyn, anayeishi Buffalo. Kila mwaka mwezi wa sita huja na maua. Mwezi wa sita ulikuwa umebaki wiki mbili.

Nikamwomba Walter namba yake ya simu. Mzee Byamungu akatikisa kichwa. "Kaburi haiombewi musamaha kwa simu," akasema. "Tunaenda."

Mdogo wangu Fidelis aliishi Buffalo, akifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, kwa hiyo tulikuwa na pa kufikia. Tukaondoka Columbus alfajiri, mimi na Mzee, tukapita Cleveland, tukafuata ziwa upande wa kushoto kwa masaa. Mara moja tu njiani Mzee aliniuliza kama nitatafsiri kila neno lake bila kupunguza wala kuongeza. Nikamwahidi.

Fidelis akatupeleka kwa Bibi Evelyn, naye akatufungulia mlango mwenyewe. Alikuwa mdogo wa mwili, amevaa sweta ingawa jua lilikuwa kali. Walter alikuwa amempigia kumwambia kwamba tunakuja, ila sababu alituachia sisi. Nikaisema pale pale kabla hatujaketi, maana nilijua nikiketi nitaogopa kuisema. Nikamwambia kwamba mimi ndiye, na kwamba mzee huyu hana kosa.

Hakulia. Alikwenda jikoni, akakaa huko kidogo, tukasikia maji yanachemka. Alirudi na chai. Kisha akasema, "Basi kaeni, niwaambie mmemlima nani."

Nilimwomba arudie mara nyingi siku ile. Kila neno nisilolijua nililisimamisha, nikaliuliza, ndipo nikampitishia Mzee. Evelyn hakuchoka.

Konrad Brammer alikuwa baba wa babu yake. Alitoka Ujerumani, mtoto wa tatu wa mkulima asiye na ardhi ya kugawa. Alivuka bahari na mkewe Liese, wakafika Buffalo kwa mashua ya mfereji, zamani hizo kabla reli haijaenea. Walishushwa kwenye mvua, hawajui neno hata moja la Kiingereza. Alibeba magunia bandarini. Kisha akasikia kwamba Louisville kuna Wajerumani wengi na kazi ya kutengeneza mapipa, wakashuka huko. Miaka minne alitengeneza mapipa. Nilipomtafsiria Mzee neno Louisville, Mzee alinitazama, nami nikaangalia kikombe changu.

Alichokitaka Konrad kilikuwa ardhi. Akaja Ohio, akapata kipande cha msitu ambacho wengine walikikataa kwa sababu kilikuwa cha majimaji. Alikata miti kwa shoka miaka miwili kabla ya kupanda kitu cha maana. Mwaka wa kwanza walikula maboga, Evelyn alisema, asubuhi maboga, jioni maboga, na Liese akaapa kwamba akipata ngano hatalitazama boga tena maisha yake. Alichimba mifereji kwa mkono mpaka maji yakatoka. Majirani wakaja kujifunza kwake. Watoto watatu wakazaliwa, Anna, Georg na Minna.

Kisha kiangazi kimoja ikaja homa. Wote watatu wakaondoka ndani ya siku kumi na moja. Makaburi ya kanisa yalikuwa mbali, njia ni tope, na Konrad hakutaka kuwapeleka mbali. Akawazika kilimani, chini ya mierezi, kwa sababu kutoka mlangoni kwake angeweza kupaona. Hakuwa na fedha za fundi. Alichukua mawe matatu ya shamba, akachonga kwa patasi yake ya mapipa herufi moja moja. A. G. M.

"Mtoto wa nne alizaliwa baadaye," Evelyn akasema. "Ndiye babu yangu. Alikuwa akisimulia kwamba baba yake hakuwa mtu wa kuongea. Jioni alipanda kilimani, akakaa mpaka aitwe kula."

Konrad alizeeka palepale. Liese akatangulia, akazikwa kilimani. Wakati wa mavuno, miaka mitatu baadaye, Konrad alilala chini asubuhi moja, akasema amechoka. Siku ya nne akaaga dunia. Ombi lake lilikuwa moja. Mchungaji alitaka azikwe mjini, penye uzio wa chuma na nafasi ya heshima, yeye akakataa. Alitaka awekwe miguuni pa watoto wake, kwa namna ambayo akifufuka akae tu awaone.

Evelyn aliposema hivyo sikuweza kutafsiri. Mzee Byamungu akangoja. Fidelis, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, ndiye aliyenimalizia sentensi.

"Baba yangu alijua nani amelala wapi," Evelyn akaendelea. "Hakuna mahali palipoandikwa. Mimi niliyajua kwa macho, hata yalipoanguka na miiba ikaota." Akanigeukia. "Lile dogo la katikati, ulilikuta limeegemea mwerezi, au lilikuwa mbele yake?"

Sikujua. Nilikuwa naimba siku ile, sikuangalia.

"Naamini kwamba hukukusudia," akaniambia. "Ninakusamehe, kwa sababu nimezeeka na sitaki kubeba kitu. Lakini hawatarudi mahali pao kwa sababu nimekusamehe. Nataka ulijue hilo."

Mzee Byamungu akaomba kusema. Akasema, nami nikatafsiri kila neno, "Mama, mimi nilikuja kwa sababu na mimi nilikuwa pale siku ya kwanza, nikaona kijana anakosea, nikanyamaza kwa sababu alinijibu mubaya. Muzee hana ruhusa ya kununa. Unisamehe na mimi." Bibi Evelyn akauchukua mkono wake akaushika mapajani mwake mpaka tulipoaga.

Tuliporudi, Spesioza alikuwa ameng'oa maharage yote ya kilimani peke yake, akayachoma. Alisema hawezi kupika chakula kile. Familia zote saba zikaanza kuchambua lile rundo la mawe kando ya uzio. Tuliosha kila jiwe, jioni baada ya kazi, Jumamosi mchana kutwa. Siku ya tatu, mwanamke mmoja wa Uvira akapata A. Siku ya tano tukapata G. M hatukuipata. Tuliyapitia mawe yale yote, kisha tukaanza upya, kisha mara ya tatu, mpaka Walter akatuambia inatosha. Baadhi ya mawe tulikuwa tumeyajazia kwenye shimo la barabarani wiki ya kwanza, na malori ya mchanga yakawa yamepita juu yake.

Tukasimamisha mawe manne, la Konrad, la Liese, A na G, mahali tulipodhani. Mashine yangu ilikuwa imesawazisha kila kibonde, kila alama. Tulibishana. Mmoja anasema hapa, mwingine pale. Mwisho tukayapanga kama mtu anavyopanga viti vya wageni asiowajua.

Mwezi wa sita Bibi Evelyn alikuja. Mpwa wake alimleta kwa gari, akampandisha kilima akimshika kiwiko. Sisi tulisimama chini, wanaume tumevua kofia. Alikuwa na maua meupe mikononi, fungu kubwa. Akaenda kwenye jiwe la Konrad, akainama, akasita. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akasogea hatua mbili, akasimama tena. Nilimwona anageuka na maua yake kama mtu aliyesahau nyumba ya ndugu yake iko mtaa gani. Hakumuuliza mtu. Kisha akaanza kutembea polepole juu ya udongo wote ule tuliokuwa tumeulima, huku na huko, akidondosha ua moja hapa na moja pale, mpaka mikono ikabaki mitupu.

Majira ya baridi yaliyofuata alifariki Buffalo. Mzee Byamungu naye tulimzika miaka michache baadaye hapa hapa Columbus, na jina lake limeandikwa vizuri, nililikagua herufi kwa herufi. Mwerezi mmoja umeanguka. Kila mwaka mimi na Spesioza huenda kufyeka miiba. Kila ninapokwenda nainama kuangalia chini njiani, na Neema, ambaye sasa ni mama wa mtoto, huniuliza kwa Kiingereza chake cha haraka natafuta nini. Mpaka leo natafuta herufi M.

Mwanangu, majuto ni mjukuu, huja baadaye na hukaa nyumbani kwako muda mrefu. Basi sikiliza neno la mtu aliyekwisha kuumia. Usipoelewa, sema hujaelewa. Kuuliza si ujinga, na aibu yake ni ya dakika moja. Ukiwa mdomo wa watu wasio na mdomo, jua umebeba mayai ya wengine, usikimbie nayo. Mkubwa akikuambia "uliza tena", uliza tena, hata kama amefika juzi. Ukikosea, kosa lako livae mwenyewe, usimvishe aliye dhaifu kwa sababu tu hawezi kujitetea kwa lugha ya wenye nyumba. Na ardhi yoyote utakayopewa, hapa Marekani au kwetu, usiseme ni tupu. Kabla yako kuna mtu aliyekula maboga mwaka mzima ili ule msitu uwe shamba.

Na wewe mzee mwenzangu unayesikiliza, usinune. Kijana akikujibu vibaya, mkamate mkono umwambie mara ya pili.

Mungu akupe ardhi laini na masikio makini ya kuchuja. Akupe kazi isiyokudhalilisha, na watoto watakaokuita kwa jina lako la nyumbani. Na siku yako ikifika, iwe karibu au mbali na ulikozaliwa, akulaze mahali ambapo mwenye ua mkononi atajua pa kuliweka.